Upande wa Ochan

15 Septemba

Muhula wa tatu umeanza leo, na mvua nayo imeanza leo, kana kwamba walikubaliana. Nusu ya wanafunzi wangu wa Kiswahili wamepanda kilima cha Kibuli na viatu mkononi. Nimewaacha wakae hivyo hivyo, miguu peku, tukaendelea na somo.

Nimenunua daftari hili kwa sababu sina tena mtu wa kumwambia mambo yangu. Zamani jioni nilikuwa nampigia simu Ochan, mdogo wangu. Tulimzika kwetu Kitgum mwezi wa tano, baada ya lori kumgonga akiwa juu ya boda pale Nakawa. Sisi ni watoto wa kambi ya polisi. Kiacholi kilikuwa cha kwa mama, Kiswahili kilikuwa cha uwanjani, na mimi na Ochan hatukuwahi kuondoka uwanjani. Ndiyo maana naandika kwa Kiswahili, si kwa sababu nakifundisha.

Leo nimepata ujumbe kutoka kwa Bénit, yule Mkongo aliyekuwa akitengeneza muziki na Ochan. Nauita muziki kwa heshima ya marehemu. Ni mingurumo ya mitambo, mikwaruzo na mivumo isiyo na wimbo wala ngoma, nao walikuwa wakiitoa kwa albamu kama watu wenye akili zao. Anasema albamu yao ya mwisho imekamilika, nusu kazi ya Ochan na nusu yake, na kuna kampuni ndogo ya huko Ulaya inayoitaka. Anaomba ruhusa ya familia kwanza. Ameituma yote kwa simu.

Mtu anayeomba ruhusa baada ya kazi kwisha, mimi namtilia shaka.

16 Septemba

Mvua. Sijaisikiliza.

18 Septemba

Nimeisikiliza. Niliweka simu juu ya meza, nikafunga dirisha, nikakaa kitako kama mtu anayengoja hukumu. Vipande ni vinne, kila kimoja kirefu kuliko mahubiri. Cha kwanza ni ssss, kama jirani anayekaanga kitu kisichoiva. Cha pili ni ssss tena, na kengele ndogo kwa mbali. Cha tatu, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote, karibu hakina kitu. Nilidhani simu imezima. Nikaishika, nikaona muda unakwenda, sauti haipo, ila mchakacho kidogo juu juu mara moja moja. Cha nne kilirudia ssss ya kwanza.

Hii ssss naijua. Ni ya Bénit. Ochan mwenyewe aliniambia zamani kwamba rafiki yake anapenda sauti nyembamba. Sasa hiyo nusu ya Ochan iko wapi?

Nimejaribu pia kwa kile kispika kidogo ninachochezeshea mazoezi ya kusikiliza darasani. Hali ni ile ile. Vidude vya kusikilizia vinavyoziba masikio sivai. Baba alitukataza tangu utoto. Alisema aliyeziba masikio hamsikii anayemjia kwa nyuma, na kazini alikuwa ameokota wengi waliojiwa kwa nyuma. Ochan alikaidi, mimi nilitii.

20 Septemba

Nimempigia mama. Masikio ya mama yamekuwa mazito sana miaka hii, hivyo ninazungumza na Aol, binamu yetu anayekaa naye, kisha Aol anamsogelea na kupaza sauti. Mama anauliza kitu kimoja tu: ile kazi aliyokuwa akiifanya Ochan alipokufa iko wapi? Anataka iletwe kwenye guru lyel, matanga ya mwisho, tarehe 13 Disemba.

Najua kwa nini. Siku hiyo ukoo unakaa na kusema marehemu aliacha nini. Ochan hakuacha mke, mtoto wala nyumba. Kuna wazee watakaosimama na kusema kwamba aliishi Kampala miaka kumi na miwili akirekodi majokofu mabovu, na hawatakuwa wamesema uongo. Mama anataka kuwa na kitu cha kuwaonyesha. Nimemwahidi kwamba nitakileta.

Aol alipomwambia hivyo mama akauliza, "Amesema nini?" Aol akarudia. Nilingoja mpaka nikasikia mama amefurahi.

24 Septemba

Nimemwandikia Bénit: nimesikiliza albamu yote, upande wa Ochan siuoni. Hakuandika. Alituma sauti yake, na nyuma yake watu wanauza samaki.

"Yaya Florence, iko mule mule. Ku telefone haisikilikani. Kuya huku Ggaba, ku kanisa yetu, tuko na bafle kubwa. Utaisikia."

Yaya ni dada mkubwa kwao. Bafle nadhani ni spika. Kanisa lenyewe sijui ni kanisa au chumba chake. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja na nimekwisha kualikwa sehemu nyingi kusikilizishwa vitu vingi. Sauti isiyosikika kwenye simu ya mwalimu lakini inasikika kwa mwanamume anayeishi peke yake! Sikumjibu.

27 Septemba

Baba alipokuwa akipeleleza wizi hakuanza na mwizi. Alianza na mwenye mali: ni mali gani, ina rangi gani, ina alama gani. Nami naanza na Ochan. Nimetafuta albamu zao za zamani mtandaoni na kuziweka kwenye simu. Ya kwanza inaitwa Jokofu. Ochan alikuwa fundi wa majokofu huko Nakawa na aliyarekodi yakiwa karakanani, yale yanayokufa hasa.

Nimesikiliza dakika chache nikaumwa kichwa. Afadhali mvua.

1 Oktoba

Jokofu tena, nikisahihisha insha. Mwalimu Abdul-Latif wa fizikia amesimama mlangoni pa chumba cha walimu, akaniuliza ninasikiliza nini. Nimemwambia ni mahubiri. Ni kapera, na tangu muhula uliopita ananitafutia sababu za kuzungumza Kiswahili, eti anafanya mazoezi. Simpi nafasi.

4 Oktoba

Jumamosi, mvua kutwa. Jokofu yote, mwanzo mpaka mwisho, mara mbili.

Nimeanza kuona kitu. Ochan hapigi sauti ikaanza. Anaipenyeza. Unadhani uko na mtambo mmoja, kumbe wako watatu, na hujui wa pili aliingia lini. Kisha mmoja anazimwa, na ndipo unagundua kwamba ulikuwa umemzoea na sasa amekuacha. Nilishika kalamu juu ya insha ya mtoto wa watu nikasahau kuandika. Ndivyo Ochan alivyokuwa akiingia nyumbani pia: hodi hana, unamkuta tu jikoni amekwisha kula.

Basi hiyo ndiyo alama. Nimesikiliza tena albamu mpya ya Bénit, na alama hiyo haimo.

7 Oktoba

Albamu ya pili, Bati. Mvua juu ya mabati ya kambini, nyumba yetu ile ile, najua kwa lile bati lililolegea upande wa choo. Aliirekodi lini na hakuniambia? Nimelia, na sijaona haya, kwani nilikuwa peke yangu.

9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru. Nimekwenda Nakawa kwa baba mdogo Okwir, mdogo wa marehemu baba, sajini mstaafu. Nimemweleza kwamba rafiki wa Ochan ameifuta kazi ya Ochan, amebakiza yake, na sasa anataka tumbariki ili atumie jina la maiti huko Ulaya. Nilipoisema kwa sauti ilikuwa wazi sana.

"Mimi nilijua zamani," akasema baba mdogo. "Hiyo mutu ya Congo iko na kitu ya Ochan. Naongea na vijana ya kituo. Siku moja tu, maneno inaisha."

Nimemwambia asubiri. Sikutaka kuanza na polisi.

14 Oktoba

Bénit amekuja shuleni. Askari wa getini ameniita, nikamkuta amesimama chini ya kipaa, mrefu, mwembamba, fulana imemganda mwilini kwa mvua. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Yaya, kampuni inaniuliza kila juma. Minangoya ruhusa yenu tu."

"Ruhusa ya nini? Ochan hayumo humo."

"Yumo. Kuya siku moja tu, hata na mwalimu mwenzako, hata na pasta. Sikia ku bafle."

"Unaogopa nisikilize kwangu?"

Akapangusa mvua usoni. Kisha akaniuliza mama yetu hajambo, na je, masikio yake yako vipi. Mimi sijawahi kumwambia mtu huyu habari za masikio ya mama. Nikamuuliza amejuaje.

"Ochan aliniambia. Hii albamu, yaya, Ochan aliifanya ju ya mama, alikuwa..."

Nilimkatiza. Nilimwambia mama yangu asimtie katika biashara yake. Nilisema kwa ile sauti yangu ya darasani, na askari akageuka kutazama. Bénit alitaka kuongeza neno, akaliacha. Akateremka kilima kwa miguu, mvua ikimpiga, na boda zilizompita zikimwita hakuzijibu.

Mwongo anapokamatwa hukimbilia kwa mama wa mtu. Hilo nimeliona kila muhula.

17 Oktoba

Nimesikiliza kile kipande cha tatu tena. Hakuna kitu. Nikamtazama mjusi ukutani, naye hakusikia kitu.

22 Oktoba

Aol amepiga simu. Wazee wamekwisha kupanga nani atazungumza siku ya matanga, na mama kila siku anauliza kama nimekipata. Nimempigia baba mdogo nikamwambia sawa, aendelee.

25 Oktoba

Nataka niandike yote kwa utaratibu.

Tulikwenda Ggaba asubuhi, baba mdogo, vijana wawili wa kituoni wasio na sare, na mimi. Bénit anakaa chumba kimoja nyuma ya maghala ya samaki. Harufu ya mukene, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa na kunyeshewa inaingia mpaka kwenye godoro. Nilitegemea kukuta mambo. Nilikuta kitanda, jiko la mkaa, kompyuta ya zamani iliyofungwa kwa utepe, vifaa vya nyaya, na ukutani picha ya Ochan akicheka na bisibisi mkononi.

Vijana wakamwomba karatasi zake za ukimbizi kwanza. Sikuwa nimewaambia hivyo. Akazitoa, wakazisoma polepole kuliko zinavyohitaji kusomwa. Kisha wakachukua kompyuta na kile kisanduku cha kuhifadhia kazi, anachokiita diski. Hakupigana. Alikuwa na ombi moja.

"Muchukue. Lakini muifunike. Iko mvua. Ile diski haipendi mayi."

Mmoja akamjibu kwamba mvua haijawahi kuiba kitu. Bénit akatandua shuka kitandani, akaifunga diski mwenyewe na kumpa yule kijana, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto. Ndipo akanigeukia.

"Yaya, kitu ungeniuliza ku mulango, unaniuliza na polisi."

Nilisema ukweli utajulikana. Baba mdogo akasema, "Umesikia? Itajulikana." Watu wa samaki walikuwa wamesimama wametuzunguka, na mwanamke mmoja akatema mate chini. Sijui alimtemea nani.

Nimerudi nyumbani. Sina furaha niliyoitegemea. Labda ni uchovu.

26 Oktoba

Mvua.

28 Oktoba

Mvua. Mtaro wa chini ya kilima umefurika, watoto wa bweni wamebeba magodoro juu.

30 Oktoba

Nimemuuliza baba mdogo kama fundi wa kituoni ameifungua kompyuta. "Hiyo kitu iko salama, iko stoo." Nimeuliza fundi ni nani. Fundi bado hajatafutwa.

Nimeweka albamu ya Bénit kwenye simu isifutike. Ni ushahidi.

6 Novemba

Leo nimejua.

Baada ya kipindi cha mwisho mvua ilitufungia chumba cha walimu, mimi na Abdul-Latif. Nilikuwa nimeweka simu mezani, kipande cha tatu kikiendelea na kimya chake, maana imekuwa mazoea, nakisikiliza kama mtu anayekagua mfuko ule ule mtupu. Akainama.

"Madam, hiyo mahubiri gani haina mutu ya kuhubiri?"

Sikuwa na nguvu ya kudanganya tena. Nikamweleza yote: Ochan, Bénit, polisi. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo sikulitegemea kwake. Akaniomba nimtumie kile kipande kwenye kompyuta yake, akakifungua kwa ile programu anayowaonyeshea wanafunzi mawimbi ya sauti.

Kioo kilijaa. Pale niliposikia kimya palikuwa na mawimbi manene, mapana, yamegusa juu na chini ya kioo. Ule mchakacho wa Bénit ulikuwa nywele tu zilizosimama juu yake.

"Hapa hakuna kimya, madam. Hapa imejaa. Simu yako kinywa yake ni ndogo, sauti nzito hivi haiwezi kupita. Ulikuwa unapata povu tu, maji yote imebaki chini."

Nikamwambia anaweza kuwa amekosea. Hakunijibu. Alichukua funguo za ukumbi.

Ukumbini kuna zile spika mbili za gwaride la asubuhi, kila moja inanifika kifuani, na ya tatu ya sauti nzito tuliyonunua kwa sherehe ya miaka ya shule. Akaunganisha waya. Nilisimama katikati, viti vyote vimepangwa na hakuna mtu.

Mwanzo sikusikia. Nilihisi sakafu. Nikatazama miguu yangu. Kisha vioo vya madirisha vikaanza kutetema, kimoja, halafu cha jirani yake, na ndipo nikajua kwamba lile jambo lilikuwa limekwisha kuingia kifuani mwangu muda mrefu na limekaa. Mtambo mmoja. Hapana, wawili. Sijui wa pili aliingia lini. Walikuwa majokofu yake ya Nakawa, ameyapunguza mwendo mpaka kila mzunguko ukawa pumzi ya kitu kikubwa kilicholala. Wa tatu akaingia. Vumbi lilidondoka kutoka darini. Na juu yake mchakacho wa Bénit, kwa mara ya kwanza ukawa na kazi: ulikuwa mvua, na huku chini ilikuwa nyumba. Mahali fulani katikati mngurumo ulikwaruza na kukatika katika, ukarudi. Kisha mmoja akazimwa, na nikamtafuta.

Ni Ochan. Ni Ochan mzima, kuliko Jokofu na Bati. Alikuwemo tangu siku ya kwanza, na mtu aliyeniambia yumo nilimpelekea polisi.

Nilikaa kwenye kiti cha wanafunzi mpaka kikaisha. Nina aibu ambayo sijui niiweke wapi. Abdul-Latif alijifanya anakunja waya uliokuwa umekwisha kukunjwa.

7 Novemba

Nimeomba ruhusa ya vipindi viwili, nimekwenda kituoni na baba mdogo kuchukua mali ya mtu. Stoo iko nyuma, bati lake limetoboka. Kompyuta na diski vilikuwa sakafuni, shuka ya Bénit bado imeizunguka diski, na shuka ilikuwa inachuruzika. Nilipoinamisha diski maji yalitoka.

"Hiyo ni mvua," akasema baba mdogo. "Mimi siwezi leta mvua."

Nilimwambia mvua hakuileta, tulileta diski. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kumjibu baba mdogo hivyo, naye akaniambia nimsalimie mama.

8 Novemba

Fundi wa kwanza niliyempelekea diski amesema haiwezekani. Fundi wa pili amecheka.

9 Novemba

Jumapili. Ggaba. Kanisa lipo kweli, jengo la mbao lililopakwa rangi ya samawati, na spika zipo, nyeusi, ndefu kuliko mimi. Bénit ndiye anayeziendesha. Ibada ilikuwa imekwisha na alikuwa akifuta vumbi. Nilimpa kompyuta na diski. Aliitikisa diski kidogo karibu na sikio, akaiweka juu ya benchi taratibu.

Nilimwambia yote. Kwamba nimesikia. Kwamba nilikosea tangu mwanzo, si kwa bahati mbaya, kwa sababu nilitaka awe mwizi. Mtu akifa kwa lori unatafuta wa kumlaumu anayeweza kushikika.

Nikamuuliza alitaka kuniambia nini siku ile getini.

"Mwezi wa ine Ochan alienda kwenu. Alimuwekea mama Jokofu, ku ka-radio kadogo. Mama akakuwa anamuangalia mu kinywa, anangoya aanze kusema. Hakuyua kama imesha kuanza. Ochan akarudi huku, akaniambia: Bénit, nitashuka chini, chini, mpaka mama asikie. Mpaka siku ya lori hakufanya kitu ingine."

Nikakaa kwenye benchi kando ya diski.

"Nakala nyingine iko wapi? Ile ya kampuni?"

"Kampuni sikuwatumia. Nilikuwa nangoya ruhusa yenu."

Watoto wa kanisani walikuwa wanarundika viti. Kisha nikatoa simu yangu, nikamwambia ile aliyonitumia ipo, yote, sikuifuta, niliitunza. Sikumwambia niliitunza kama nini. Nadhani alijua.

"Hii niliifinya ipate kupita ku telefone. Kuko mahali imekatika. Ya kweli ilikuwa mu diski." Akaichukua simu hata hivyo, akaihamishia kwenye mtambo wa kanisa, akanirudishia. Nilimwalika Kitgum tarehe 13. Nilimwomba msamaha. Alizima taa ya mtambo na kusema lazima afunge kanisa.

16 Novemba

Nimemwandikia. Kimya.

23 Novemba

Nimemwandikia tena. Mvua imeanza kupungua.

29 Novemba

Abdul-Latif ameniuliza kama Mkongo amejibu. Nimemwambia bado. Amesema atanipa spika ya ukumbi niende nayo Kitgum kama mkuu wa shule atakubali. Mkuu hakukubali. Nimemshukuru Abdul-Latif kwa Kiswahili, na nimemrekebisha kosa moja tu.

5 Disemba

Shule imefungwa. Jua. Bénit hajajibu. Nimemwambia Aol amwambie mama kwamba kazi ninayo, lakini huenda asiisikie. Aol amesema hilo hataliambia sikio la mama, nije niliseme mwenyewe.

13 Disemba, Kitgum

Naandika nikiwa nimekaa nyuma ya nyumba ya mama, watu bado wanakula.

Asubuhi wazee walizungumza kama nilivyojua watazungumza. Mmoja alisema Ochan alikuwa mtoto mwenye adabu, na baada ya hapo akatafuta la kuongeza, hakulipata. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, amevaa gomesi yake ya kijani, anaitikia kwa kichwa maneno asiyoyasikia. Nilikuwa nimeshika kispika changu kidogo cha darasani, na nilijua kwamba ni upuuzi.

Kabla ya mchana pikapu iliingia uani. Bénit alikuwa amekaa nyuma, kati ya spika za kanisa, amezifunga kwa magodoro, amejaa vumbi jekundu mpaka kope. Alikuwa safarini tangu jana. Alimpita baba mdogo Okwir bila kumsalimu, akanipita na mimi, akaenda kwa mama akapiga magoti na kumshika mikono. Mama akamuuliza Aol huyu ni nani. Aol akapaza sauti: rafiki wa Ochan. Mama hakumwachia mikono.

Bénit aliomba jenereta isogezwe mbali, nyuma ya ghala. Akaweka spika kubwa ya sauti nzito mbele ya kiti cha mama, juu ya ardhi tupu. Akawasha kipande cha tatu.

Watu waliendelea kuzungumza, maana kwao hakikuwa kimeanza. Nilikuwa namtazama mama. Aliinua kichwa. Akatazama barabarani, akamuuliza Aol kwa sauti kubwa, kama wanavyosema wenye masikio mazito, "Nani anakuja?" Aol akatikisa kichwa. Mama akaweka kiganja kifuani. Kisha akainama, akaweka kiganja kingine chini, kwenye udongo, akakiacha hapo.

Maji yalikuwa yanatetema kwenye vikombe. Kuku wote waliondoka uani. Baba mdogo akasema jenereta imeharibika, mtu aende akaitazame, na wazee wawili wakaanza kubishana kuhusu jenereta. Mama akageuka kwenye kiti chake. Huyu ni mwanamke ambaye kwa miaka hajasikia mtu akizungumza asipomsogelea sikioni. Aliwatazama mmoja mmoja, akawaambia wanyamaze, anasikiliza.

Wakanyamaza. Kilikwenda mpaka mwisho. Pale katikati mngurumo ulipokatika mama aliinua mkono kutoka kwenye udongo akautazama, kisha mngurumo ukarudi, naye akaurudisha mkono. Kilipoisha aliniuliza kama Ochan ndiye amefanya hivi. Nikamwambia sikioni, ndiyo mama. Akasema, "Ni kubwa." Mzee aliyekosa la kuongeza asubuhi aliomba nafasi azungumze tena.

Jioni nilimfuata Bénit alipokuwa akikunja nyaya. Nilimwambia ruhusa ya familia ameipata, na kwamba jina la Ochan na lake yawe sawasawa. Nikamwomba tena anisamehe.

"Nimekuya ju ya Ochan na mama," akasema. "Wewe, bado."

Nikasema sawa. Nikamuuliza kama kuna fundi, Kampala au Ulaya, anayeweza kutengeneza pale panapokatika. Nilisema nitatafuta, kokote.

Alifikiri huku akizungusha waya kwenye kiwiko.

"Hapana. Nitapaacha vile. Upande wa chini ni Ochan, upande wa yulu ni mimi. Watu wakiniuliza ile penye inakatika ni nani, nitawaambia ni yaya yake."

Hakulisema kwa ubaya. Waya mrefu ulikuwa umebaki chini, umepita mpaka kwenye kiti cha mama, nami nikaenda kuuokota upande ule.